Farao Alikuwa na Laana, Mama Iko na Nini

Mjukuu wangu aliniletea farao sokoni, amemkunja ndani ya begi la shule kati ya daftari na kopo la chakula. Mimi nilikuwa natwanga sombe. Hapa soko la Warwick, Durban, watu wa kwetu wananunua majani ya muhogo kwangu kwa sababu nayatwanga mwenyewe kwenye kinu cha mti, siyasagi kwa mashine yakawa kama rangi ya ukuta. Mtoto akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakunjua karatasi, na uso wa mtu ukanitazama: manjano tupu, macho yamepakwa wanja kama bibi harusi, na kidevuni ndevu moja imesukwa.

"Koko, huyu ni mfalme wa Misri," akasema. "Alikufa bado kijana. Walimzika na dhahabu."

Koko ndivyo kwetu Uvira, Kongo, tunavyomwita mama wa mama. Mimi ni koko wa huyu mtoto, na ndiye mama anayemjua, kwa kuwa aliyemzaa alikufa yeye akiwa hajaota jino. Nimemlea kwa mgongo huu. Leo yuko darasa la tano, Kizulu anaongea kama amezaliwa nacho, Kiingereza kinamtoka puani vizuri, na Kiswahili changu anakikanyagakanyaga lakini hakiachi. Mimi niliishia darasa la tatu. Nasoma kwa kusukuma, neno moja baada ya lingine, kama mtu anayepandisha toroli la viazi kwenye milima ya huu mji. Kwa hiyo akianza mambo ya shule mimi naweka mchi chini, na mteja angoje. Watu wote wa meza za karibu wanajua. Mtu akija na haraka wanamwambia, subiri, mama sombe anasomeshwa.

Akanieleza. Kwamba huyo farao walimfungia kwenye chumba cha mawe chini ya mchanga, wakaziba mlango, wakaenda zao, na miaka ikapita mingi mpaka hata watu waliomjua wakasahauliwa. Halafu wazungu wakaja na majembe. Wakachimba, wakakuta ngazi, wakakuta mlango, wakavunja. Na yule tajiri aliyewalipia kazi yote, mbu akamuuma shavuni. Akanyoa ndevu, wembe ukapita juu ya pale pa mbu, pakaoza, akafa. Saa aliyokufa taa za mji mzima zikazimika. Na mchimbaji mkubwa alikuwa na kindege kwenye kizimba, nyoka akaingia akakimeza, nyoka wa aina ileile farao aliyovaa kwenye paji la uso. Akanionyesha kwenye picha, kweli, nyoka yupo. Watu wakasema ni laana ya aliyeamshwa.

Nikamwambia taa kuzimika si laana, ni kukatiwa umeme kwa zamu, na kama ingekuwa laana basi sisi wote wa Afrika Kusini tungekuwa tumefungua kaburi la mtu. Na mbu, nikasema, mbu wa Uvira wameua watu kuliko mafarao wote wakikusanywa, na waliokufa hawakuvunja mlango wa mtu. Akacheka mpaka ndoo ikayumba. Akasema mwalimu naye alisema hivyo, kwamba wengi walioingia mle ndani waliishi wakazeeka, na hii habari ya laana ilipendwa na magazeti.

Halafu akaanza kufungua na kufunga zipu ya begi. Huyu mtoto akifanya hivyo najua kuna kitu anakizungukia. Akasema rafiki yake wa darasani amemwambia makaburi ya Durban yamejaa, kwamba wanafungua ya zamani na kuweka watu wapya juu. Nikamwambia huyo rafiki yake ni mwongo. Mtu hazikwi juu ya mtu. Kwetu hata mbwa hazikwi juu ya mbwa.

"Farao alikuwa na laana," akasema. "Mama iko na nini?"

"Mama iko na mimi."

"Koko, wewe si laana."

"Nani amekudanganya?"

Safari hii hakucheka.

Lazima niseme jinsi mama yake alivyokufa, maana bila hilo mengine hayatasimama. Alikuwa na pumu tangu utoto. Kule kando ya ziwa tulimfukiza kwa majani, tukampa asali, tukampa mafuta ya samaki. Hapa Durban akapata kile kibomba cha kupuliza mdomoni, akawa anakibeba kwenye sidiria jinsi wanawake wengine wanavyobeba pesa. Lakini Durban ina unyevu. Nguo haikauki, ukuta unaota ukungu mweusi, na kifua cha mtu wa pumu kinakuwa kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua, haufunguki wote na haufungiki wote. Asubuhi moja alipuliza kibomba na dawa haikuona pa kupita. Nikamkalisha, nikamwegemeza hapa kifuani kama nilipokuwa namnyonyesha, nikamwambia, "Pumua, mama. Pumua, mama." Kwetu binti yako unamwita mama, ndiyo heshima yake na ndiyo mapenzi. Nilisema hivyo mpaka neno likaacha kuwa neno. Gari la wagonjwa lilipofika mimi nilikuwa bado nasema na yeye alikuwa ameshaacha kunitii.

Mume wake alishika mambo ya maziko: ofisi, sahihi, namba ya simu ya kuacha. Mimi nilishika mtoto. Kanisa liliimba, wanaume wa kwetu walipokezana majembe, tukasimamisha msalaba wa mbao wenye jina lake kwa rangi nyeupe. Baadaye mume akaenda Cape Town kutafuta kazi ya ulinzi. Simu yake iliita kwa muda, kisha ikaacha kuita. Simlaumu. Kuna watu msiba unawakalisha na kuna watu unawakimbiza.

Tukabaki wawili. Tunakaa fleti moja mjini, familia tatu, na kuta zetu ni mapazia. Sehemu yetu iko nyuma kabisa, penye dirisha, na huwezi kuifikia bila kupita kwa Warundi wa mbele. Njia nyingine haiko. Kwa hiyo nilimfundisha mtoto tangu anaanza kusimama: hata kama wanakula, hata kama wanagombana, hata kama jana wamekusema vibaya, unasimama penye pazia lao, unasema hodi, unangoja, unapita ukiangalia miguu yako mwenyewe. Nyumba ambayo watu wanapitana bila hodi ni zizi la mbuzi.

Sasa nirudi pale kwenye ndoo. Mtoto alikuwa ananitazama na macho ya mama yake. Mimi ni mtu wa kanisa, najua mchungaji angesema nini. Lakini najua pia kwamba hofu ya mtoto haiponywi na mstari wa Biblia aliouzoea. Nikafuta mikono kwa kitenge. Nikamwambia kwamba kwetu laana haiandikwi ukutani. Ya kuandika ni kelele za mfalme. Laana inayoshika inatoka kwa mama, na inatoka kwenye ziwa.

Nikaweka mkono hapa kushoto, upande mama yake alioupenda, ule aliokuwa akiung'ang'ania mpaka wa kulia unavimba kwa wivu. Nikasema, na sikusema kwa kucheza, "Atakayetia jembe kwenye kaburi ya mwana yangu, hili ziwa limdai. Alie kama nilivyolia mimi."

Muuza mizizi wa meza ya pili, Mzulu, aliinua macho. Hajui Kiswahili lakini mkono ulio kwenye ziwa hauhitaji mkalimani. Akageukia mizizi yake.

Mtoto akapumua. Akakunja farao wake, akala mandazi, akaanza kazi ya shule. Nikaona nimefanya vizuri.

Wiki ile walikuwa wanasimama mbele ya darasa mmoja mmoja kusema walichosoma. Alirudi na nyota ya dhahabu imebandikwa kwenye shati, na huwezi kujua mimi ninavyokuwa mtu akimsifu huyu mtoto. Nilimtembeza na nyota yake kutoka kwangu mpaka kwa wauza mahindi, kutoka wauza mahindi mpaka kwa wabeba mizigo. Nilimwonyesha hata askari anayetufukuzaga kwenye njia. Nikamwambia, huyu ndiye atakuja kuwa mkubwa wako. Askari akasema sharp, mama, ndiyo sawa ya hapa, na siku hiyo hakutufukuza.

Jioni, wakati tunapika, akanisimulia alivyosema. Alieleza mbu, akaeleza nyoka, akaeleza taa. Halafu akawaambia wenzake kwamba hata koko wake ameweka laana kwenye kaburi la mama yake, laana ya ziwa. Mwalimu akauliza ziwa gani. Akasema lile refu la Kongo. Mtu akigusa kaburi, ziwa linatoka kule linakuja mpaka Durban kumzamisha.

Nilicheka nikashikilia sufuria. Maskini ya Mungu, alifikiri nimelaani kwa Ziwa Tanganyika. Nikamwambia, mjinga wangu, ziwa hili hapa, nikajipiga kifuani. Akatazama. Akatazama tena.

"Hiyo tu?" akasema.

"Hiyo tu. Na ndiyo ilimkuza mama yako mpaka akakuzaa wewe mwenye mdomo."

Akafikiri kidogo, akasema ni heri tusimwambie mwalimu, maji yanatisha zaidi. Mrundi wa mbele akacheka nyuma ya pazia. Mambo yetu yote wanayasikia.

Akataka twende kumwonyesha mama nyota. Na kile kinyago cha farao, ule uso wa kwenye karatasi, alikuwa amekibandika kwenye kadibodi ngumu, akakizungushia plastiki kisilowe, akakitia kijiti, kichomekwe kaburini kiwe mlinzi. Muda ulikuwa umepita hatujaenda. Makaburi yako mbali, juu ya mlima, na magoti yangu siku hizi yanachagua njia. Lakini Jumamosi niliyofunga meza mapema, tulikwenda.

Kaburi la binti yangu silitafuti kwa namba. Unaingia, unashuka mpaka kwenye bomba la maji, na baada ya bomba kuna kaburi moja la vigae vya buluu, la mtu mwenye watoto wenye uwezo. La kwangu linafuata. Mtoto alitangulia na farao wake. Nikamwona amesimama.

Nilipofika na mimi nikasimama. Kaburi letu, nililoliacha limebonyea, majani yamelala juu yake, msalaba umepinda, lilikuwa limeinuka. Udongo mwekundu, mpya, umepigwapigwa ukalainika. Vijiwe vyeupe vimepangwa pembeni. Shada la maua ya plastiki limeegemezwa kwenye ubao mpya uliopakwa varnishi, na juu ya maua, kwa herufi nyeusi, maneno mawili.

Mtoto alisema neno moja tu. Alisema, "Baba?"

Na mimi hilo ndilo lililonijia. Amerudi. Amepata kazi, ameona haya, amepita kwa mke wake kabla ya kuja kwetu, ametengeneza nyumba yake. Moyo ulianza kunipiga kama mchi. Nikainama kusoma, nikaanza kusukuma herufi zangu. PHU. Wazulu wanaweka h baada ya p bure tu, hiyo nimeshaizoea kwenye vibao vya huu mji. Pu. Mu. La. Mama.

Pumua, mama.

Nilipiga magoti pale pale. Niliona mchoraji amekosea kidogo, ametia l isiyotakiwa, wachoraji wa vibao wote ni hivyo, hata kwenye meza yangu waliandika sombe kwa z. Sikujali. Nilichokuwa najiuliza ni nani aliyemwambia. Asubuhi ile mume alikuwa kazini. Nyuma ya pazia letu tulikuwa mimi, yeye, na mtoto mchanga. Neno nililomwambia mwanangu mwishoni mwa pumzi yake, hakuna mtu niliyemgawia, na hili hapa limeandikwa juu ya kichwa chake kwa rangi nzuri. Nikasema Mungu amesikia. Nikasema basi hata yeye alisikia. Kwa miaka yote sikujua kama alisikia.

"Pumua, mama," nikasoma kwa sauti, nikalia, na kilikuwa kilio kizuri, cha kwanza kizuri tangu afe.

Mtoto hakulia. Alikuja akanishika bega.

"Koko, simama."

"Soma na wewe. Soma baba yako ameandika nini."

"Koko. Hiyo si Kiswahili."

Nikamwambia asinifundishe Kiswahili, amekikuta kwangu.

"Ni Kizulu," akasema. "Phumula. Ni pumzika. Wanaandikaga kwa watu wote."

Nikasema pumzika na pumua ni ndugu, pumzi ni pumzi. Nilikuwa bado nimeshikilia. Basi yeye akachuchumaa, akasogeza shada la maua, na chini ya maneno mawili kulikuwa na jina. Akalisoma kimya. Mimi pia nikalisukuma, na kila nilipolisukuma lilikwenda mbali na jina la mwanangu. Sitalitaja hapa, lina wenyewe.

Palikuwa na mwanaume anayefanya kazi pale, anajaza ndoo kwenye bomba. Mtoto akamwita. Wakaongea Kizulu, mwanaume akavua kofia, nikajua si habari nzuri. Mtoto akanitafsiria huku anatazama vijiwe vyeupe. Kwamba mji umejaa na ardhi haizidi. Kwamba kaburi hapa unapewa kwa miaka kumi, halafu wenyewe wanakuja kuomba waongezewe. Wenyewe wasipokuja wanatafutwa, na namba iliyoachwa ilikuwa haiko tena. Kwamba hawakumtoa mama, mama iko palepale, chini. Huyu mwingine wamemweka juu. Msalaba wetu, mwanaume alisema, ulikuwa umeoza. Hakujua ulienda wapi.

Aliyemwambia mtoto kwamba rafiki yake ni mwongo ni mimi.

Damu ilinipanda. Sikuwa na mtu wa kumpiga. Yule mwanaume ana sura ya kuchoka, na aliyechimba hata pengine si yeye. Mkono wangu wenyewe ukapanda kifuani, kushoto, na mdomo ulikuwa umeshafunguka, niirudie ile laana, niikaze, niite kila aliyeshika jembe. Hapo ndipo tulisikia mtu anakohoa.

Alikuwa mama mzee anashuka kutoka juu, pole pole, anaweka mguu upandeupande kama mimi. Mkononi ana chupa ya soda iliyojaa maji ya maua. Mgongoni amefunga mtoto mchanga kwa taulo, na anayekohoa ni mtoto. Alitukuta tumesimama kwenye kaburi lake, akatusalimu, sawubona, akatuangalia mmoja mmoja, akangoja kuambiwa sisi ni nani. Alikuwa amevaa shali ya msiba. Macho yake nilikuwa nayajua. Nimeyabeba mimi mwenyewe.

Mjukuu wangu alinivuta kitenge, akanong'ona.

"Koko, umewalaani hawa."

"Nilimlaani mwenye jembe."

"Ulisema alie kama ulivyolia. Mwangalie."

Nikamwangalia. Mtu nimemwombea alie kama mimi, na yeye alikuwa ameshalia kabla sijafungua mdomo. Hakuna kilichobaki cha kumwongezea. Isipokuwa huyo wa mgongoni, anayekohoa kikohozi kikavu, kile kinachopanda kama ngazi. Kikohozi hicho nakijua hata ukinitoa usingizini. Najua kwamba Durban yote inakohoa wakati wa baridi. Najua mbu ni mbu na umeme ni umeme. Lakini ziwa lilikuwa langu, na maneno yalikuwa yangu, na kaburi lilikuwa limefunguliwa.

Kwetu anayelaani kwa ziwa ndiye anayeondoa, mwingine hawezi, hata mchungaji. Unachukua maji mdomoni, unampulizia mtu kifuani, unasema limekwisha. Nikaenda kwenye bomba. Nikamwambia mtoto amweleze gogo kwamba namwomba mjukuu wake. Gogo ni koko wa Kizulu. Ukilisema neno hilo na mafua linakuwa letu.

Sijui mtoto alimweleza nini. Aliongea muda mrefu, akaonyesha kaburi, akaonyesha chini, akajionyesha mwenyewe. Nilitegemea yule mama akasirike, maana nani anataka kuambiwa kwamba mtu wake hayuko peke yake. Uso wake ulikunjamana. Aliangalia udongo wake mwekundu kama ndiyo anauona. Halafu akamgeukia mjukuu wangu, akamtazama urefu wake wote, kuanzia viatu vya shule mpaka nywele, akamshika kidevu. Nadhani alikuwa anapima. Nadhani alikuwa anaangalia wa mgongoni mwake atafika wapi.

Akafungua taulo, akanipa mtoto.

Alikuwa mwepesi, wa moto, ananuka maziwa ya kopo. Nikajaza maji mdomoni, nikamfungua kishati, na hapo ndipo niliposita. Wakati nimeshika yale maji mdomoni nilijua ninachofanya. Farao alikuwa na laana. Mwanangu alikuwa na hii tu, basi, kwenye dunia yote, na mimi ndiye ninayemnyang'anya. Nikiiondoa, kaburi si letu tena. Ni kama kurudisha ufunguo.

Nikapuliza. Mtoto akashtuka, akapiga chafya, akanikasirikia. Nikasema, limekwisha. Ziwa halikudai kitu.

Gogo alimpokea, akamfuta kwa shali. Akamwaga maji yake ya maua kwenye udongo, nusu upande wa kichwa, na nusu akashuka akamwaga miguuni, nikaelewa kwamba hiyo ya pili anampa wa kwangu, hakujua tu ammwagie wapi. Kisha akasema neno moja.

"Balele."

Hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Kulala ni kulala, kwao na kwetu. Wamelala, wote wawili.

Tulipopanda kutoka, mjukuu wangu alikuwa bado ameshika farao wake. Nikamuuliza kwa nini hakumchomeka. Getini akasimama.

"Ulitoa," akasema. "Sasa mama hana kitu."

Nimezoea kumjibu. Mimi na huyu mtoto tunarushiana maneno kutwa, na la mwisho huwa langu. Siku hiyo la mwisho lilikuwa lake. Tulipofika nyumbani alipita kwa Warundi bila hodi. Nilimsikia anapita, na sikumkemea.

Nyota iko bado, ameibandika ndani ya begi mahali watu hawaioni. Farao alimtia kwenye pipa la sokoni, nikamtoa, nikamfuta, nimemweka chini ya kitanda bila kumwambia. Kaburini amekataa kwenda. Nikimwambia twende, anasema nimsalimie mama huyo mwingine. Ana mdomo mkali. Ni wangu huo.

Kwa hiyo naenda peke yangu, magoti yakikubali. Safari ya kwanza nilisimama pale sikujua nianzeje. Zamani nilikuwa nafika tu, nakaa, namwambia mwanangu habari: mtoto amepanda darasa, sombe imepanda, mkono wangu wa kulia hauinuki. Sasa nikisema, maneno yatafika kwanza kwa mtu mwingine. Mama wa watu, amelala mlangoni, na wa kwangu yuko nyuma kabisa, wala dirisha hana. Njia nyingine haiko.

Basi nikasimama penye ule ubao, nikaangalia miguu yangu.

"Hodi, mama," nikasema. "Samahani. Ninapita."

Nikangoja kidogo, ndiyo nikamwita mwanangu.